Disketi ya Mzee na Bawa la Ndege: Kwa Nini Kiwanda Hakibadilishwi Kama Simu

Wiki ile ya Oktoba 2025 ambapo Microsoft iliacha kuitunza Windows 10, mpwa wangu anayesomea umeme huko Kisumu alinitumia video usiku. Ndani yake jamaa mmoja wa ng'ambo anaicheka mashine kubwa ya kuchonga vipuri vya ndege kwa sababu bado inalishwa disketi, vile visahani vya plastiki ambavyo vijana wa leo wanavijua tu kama alama ya kuhifadhi kazi kwenye kompyuta. Chini yake mpwa ameandika: "Anko, hawa ndio wanatuundia ndege? Mimi Nairobi nitakuwa naenda na basi."

Sikumjibu usiku huo. Asubuhi nilikuwa na shughuli katika karakana moja eneo la viwanda hapa Nakuru. Mwenyewe ni mzee wa miaka sitini na kitu, na ana mashine ya kukereza aliyoinunua mtumba, ikashushwa melini Mombasa na kupandishwa lori hadi huku. Nayo ni ya enzi za disketi. Inakereza shafti za pampu za maji na za vinu vya posho, na wateja wake wanatoka hadi Molo na Njoro. Nilimwonyesha ile video. Akaitazama mpaka mwisho, akanirudishia simu, akasema: "Huyo kijana muulize hivi: nikileta kompyuta mpya leo, nani atanihakikishia kwamba shafti ya kesho itakuwa sawa na ya jana?"

Swali hilo hilo ndilo linalowakosesha usingizi wakubwa wa viwanda vya ndege, na kulijibu kunawala pesa na miaka.

Ngazi tano za kinu cha posho

Maneno "kompyuta za kiwandani" yanachanganya watu kwa sababu yamebeba vitu vingi visivyofanana. Twende kinuni. Chini kabisa kuna mota, nyundo na chekeche. Hivi ndivyo vinavyogusa mahindi. Juu yake kuna swichi, pamoja na kile kifaa kinachokata stima mota ikizidiwa. Kisha kuna kijana anayesaga, na kazi yake kubwa ni kusikiliza. Mlio ukibadilika anajua mahindi yana unyevu au chekeche limetoboka, anapunguza kumimina. Pembeni kuna daftari: mama fulani, gorogoro nne, amelipa. Mwisho kuna mwenye kinu, ambaye huenda wiki nzima hajafika hapo, anayepiga hesabu ya bili ya stima na kuamua kama atanunua chekeche jipya.

Kiwanda cha ndege kina ngazi hizo hizo. Nyundo na chekeche ni mashine za kuchonga, kutoboa na kuoka. Swichi imekuwa vidhibiti, yaani kompyuta ndogo zilizofungiwa ndani ya makabati ya chuma kando ya mashine. Sikio la kijana limekuwa sensa zinazotuma habari kwenye skrini za wasimamizi. Daftari limekuwa programu inayoandika nani alifanya nini, kwenye kipande gani, saa ngapi. Mwenye kinu ni ofisi, na mfumo wake wa kuagiza mali na kupanga ratiba.

Kwa hiyo mtu akikwambia kiwanda kinasasishwa, muulize kwanza ni ngazi ipi. Kumbadilishia karani kompyuta ni kazi ya siku moja. Kugusa swichi ni habari nyingine.

Mafundi wa ngazi hiyo ya swichi huzungumza kwa herufi, na majina mawili yanatutosha. CNC ni kidhibiti kinachoiongoza mashine kwa namba: sogea milimita 40 kulia, shuka milimita 2, zungusha kisu kwa kasi hii. Wazo hilo lilizaliwa na ndege hasa. Mmarekani John Parsons, aliyekuwa akitengeneza mapanga ya helikopta miaka ya 1940, aliona mkono wa fundi peke yake hauwezi kufuata mikunjo kwa usahihi uliotakiwa. Jeshi la anga la Marekani likatoa fedha, na mwaka 1952 chuo cha MIT kikaonyesha mashine ya kuchonga inayosoma maagizo kutoka kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Disketi ya mzee wa Nakuru ni mjukuu wa utepe huo.

PLC yenyewe huamua kwa masharti: mlango ukishafungwa na joto likifika hapa, fungua vali ile. Hii ilitoka kwa watu wa magari. General Motors walichoka kufumua makabati yaliyojaa rilei, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme, na nyaya kila walipobadilisha modeli, na mwaka 1969 kampuni ya Modicon ikaleta kisanduku ambacho maagizo yake hubadilishwa bila kuhamisha waya hata mmoja. Mpwa wangu anafundishwa PLC darasani. Sijui kwa nini hakuikumbuka alipokuwa akicheka.

Saa zisizokwenda pamoja

Simu yako utakaa nayo miaka mitatu, minne. Windows 10 ilitoka 2015, ikaachwa 2025. Mashine nzuri ya kuchonga alumini hufanya kazi miaka 30 na zaidi, mradi ipate grisi na beringi zake zibadilishwe kwa wakati. Na ndege? Boeing 737 ya kwanza iliruka Aprili 1967, na ukoo wake bado unaundwa.

Saa zote hizo zinagonga ndani ya jengo moja. Aliyenunua mashine mwaka 1998 alipewa na kompyuta ya 1998 tumboni mwake. Chuma bado ni kizima, lakini aliyeandika programu alishastaafu, au kampuni yake ilishafungwa. Ndiyo maana video kama ile huwa za kweli na bado zikapotosha: disketi ipo, lakini haisemi lolote kuhusu ubora wa kipande kinachotoka. Mashine inayosoma agizo la milimita 40 kutoka kwenye disketi na nyingine inayolipokea kwa waya wa mtandao zote zitasogea milimita 40.

Lipo hata hivyo tatizo la kweli, na mzee hulijua. Disketi huota ukungu. Kisomeo chake kikifa, cha badala hakipatikani dukani. Na mashine isiyoweza kusema na wenzake inalazimu mtu atembee na karatasi mkononi kutoka kabati hadi kabati, na kila anaponakili namba kwa mkono anaweza kukosea.

Tofali huvunjwa, bawa halivunjwi

Hapa ndipo penye nyama ya mambo, tukae kidogo.

Ukipita barabara za Kakamega au Bungoma utaona matanuri ya matofali. Tofali linaweza kutoka jekundu, zuri, na ndani likawa bichi. Fundi ana njia rahisi ya kujua: anavunja moja. Sasa chukua bawa la Boeing 787 au la Airbus A350. Limetengenezwa kwa tabaka za nyuzi za kaboni zilizoloweshwa gundi, na tabaka hizo huokwa ndani ya tanuri kubwa la mgandamizo, kwenye nyuzi 180 hivi za Selsiasi, saa kadhaa. Huwezi kulivunja ili uone kama limeiva. Hupimwa kwa mawimbi ya sauti, kama mama mjamzito anavyopimwa hospitalini, na vipimo hivyo huonyesha mapovu na nyufa. Kuhusu namna gundi ilivyoiva, ushahidi mkubwa ni rekodi ya tanuri: joto lilipanda kwa kasi gani, lilikaa juu kwa dakika ngapi, mgandamizo ulishuka au haukushuka. Rekodi ikipotea, kipande kisicho na kasoro yoyote ya kuonekana kinaweza kukataliwa.

Ndiyo sababu mamlaka za usafiri wa anga, FAA ya Marekani na EASA ya Ulaya, haziishii kwenye kuidhinisha mchoro wa ndege. Huidhinisha na namna kiwanda kinavyoiunda. Ukibadilisha kidhibiti cha tanuri umegusa mapishi yenyewe, na huna budi kuthibitisha upya kwamba mkate ni ule ule. Katika uchongaji kuna kitu kinachoitwa ukaguzi wa kipande cha kwanza: baada ya badiliko kubwa, kipande kinachotangulia hupimwa kila tundu, kila pembe, na kila kipimo huandikwa kando ya kile kilichotakiwa na mchoro. Fikiria kazi hiyo kwa ndege kama Boeing 747, yenye vipande milioni sita, nusu yake vikiwa riveti, bolti na vifungio vingine.

Dunia ilikumbushwa uzito wa daftari Januari 5, 2024. Boeing 737 MAX 9 ya Alaska Airlines ilikuwa imetoka tu Portland, bado inapanda, kizibo cha nafasi ya mlango, yaani kipande kinachoziba mahali ambapo pangekuwa na mlango wa ziada, kikang'oka na kuacha tundu ubavuni. Waliokuwemo walikuwa 177, na wote walitua hai. Wachunguzi wa NTSB, bodi ya Marekani ya usalama wa usafiri, waligundua kwamba bolti nne zilizopaswa kukishika kizibo hazikuwepo. Kilikuwa kimefunguliwa kiwandani Renton ili mafundi wafikie riveti zilizoharibika, kisha kikarudishwa. Zilipotafutwa kumbukumbu za kazi hiyo ya kufungua na kufunga, hazikupatikana.

Watu wengi walilisoma tukio lile kama habari ya bolti. Mimi nalisoma kama habari ya daftari. Mfumo wa rekodi ukiandikiwa kwamba mlango umefunguliwa, hautakubali ndege isogee kabla mkaguzi hajatia sahihi kwamba umefungwa. Usipoandikiwa, kwake mlango haukuwahi kufunguliwa. Kompyuta mpya isiyoandikiwa itakaa kimya sawasawa na daftari kuukuu.

Waya zilizofika fupi

Wako wanaodhani kwamba mradi programu ni mpya, mambo yamenyooka. Airbus waliliona hilo kwa machozi. Ndege yao kubwa, A380, ina waya za zaidi ya kilomita 500, mrefu kuliko safari ya Nairobi hadi Mombasa. Wahandisi wa Hamburg, Ujerumani, na wale wa Toulouse, Ufaransa, walichora kwa programu moja kwa jina, CATIA, lakini kwa matoleo mawili tofauti. Matoleo hayo hayakuelewana vizuri. Mafungu ya waya yalipofika Toulouse kuingizwa ndegeni, mengine hayakutosha kufika yalikopaswa kuchomekwa. Kazi ikafumuliwa kwa mkono. Mteja wa kwanza, Singapore Airlines, alikabidhiwa ndege yake Oktoba 2007, karibu miaka miwili nyuma ya ahadi.

Ukitaka kuelewa kinachofanyika siku hizi viwandani, nenda soko la Kibuye, Kisumu, siku ya Jumapili. Muuzaji ni Mjaluo, mnunuzi ametoka Vihiga, mwenye lori la viazi ni wa kutoka huku Nakuru. Hakuna anayemlazimisha mwenzake kujifunza lugha ya mama yake. Wanakutana kwenye Kiswahili. Mashine nazo zina lugha za kwao. Kidhibiti cha Fanuc kutoka Japani hakizungumzi kama cha Siemens cha Ujerumani, na vyote viwili havimwelewi yule wa 1998. Lugha ya sokoni waliyotengenezewa inaitwa OPC UA. Mashine mpya nyingi huja zikiijua. Zile kuukuu huwekewa kisanduku cha mkalimani kando: kinasikiliza kidhibiti cha zamani kikisema kwa lahaja yake, kinatafsiri, kinapeleka kwenye daftari la kiwanda. Kidhibiti chenyewe hakiguswi, na mkate unabaki ule ule. Ndiyo njia ninayoipenda zaidi, ingawa wauzaji wa mashine mpya hawaitangazi sana.

Ziko njia nyingine. Programu ya zamani iliyozoea Windows ya miaka hiyo huweza kuhamishiwa ndani ya kompyuta mpya yenye nguvu, ikaishi humo kama mpangaji kwenye chumba kilichopambwa kama nyumba yake ya kale, isijue kwamba jengo limebadilika. Maagizo ya kuchonga nayo hujaribiwa kwanza kwenye skrini, dhidi ya pacha wa kidijitali wa mashine, ili kisu kikigonga chuma pasipostahili kigonge picha. Na siku ya kuhamia mfumo mpya huchaguliwa kiwanda kikiwa kimepumzika, huku ule wa zamani ukiachwa ukiwa tayari kuwashwa tena. Anayejua kazi hii hupanga njia ya kurudi kabla ya kupanga safari.

"Si waunganishe zote kwenye intaneti?"

Mpwa aliniuliza hivyo tulipozungumza baadaye, na ni swali zuri. Mashine nyingi za zamani zilibuniwa zikiwa peke yao, hazikuwekewa hata nywila, kwa kuwa aliyetaka kuzigusa ilibidi apite kwa askari wa langoni. Ukizichomeka mtandaoni zilivyo, umemwondoa askari na kuacha mlango wazi.

Juni 2019 kampuni ya ASCO ya Ubelgiji, inayotengeneza vipuri vinavyotumiwa na Airbus na Boeing, ilivamiwa na programu ya utekaji, ile inayofunga mafaili na kudai fidia. Uzalishaji ulisimama Ubelgiji, ukasimama na katika viwanda vyake vya nchi nyingine, na wafanyakazi wapatao 1,000 wakaambiwa wabaki nyumbani. Miezi mitatu kabla yake Norsk Hydro ya Norwe, wayeyushaji wa alumini, walipigwa vivyo hivyo; wakakataa kulipa, na baadhi ya mitambo yao ikaendeshwa kwa mkono na kwa karatasi. Wastaafu waliozijua njia za zamani walirudi kusaidia.

Lakini kutounganisha kabisa nako si kinga. Kirusi cha Stuxnet, kilichogunduliwa 2010, kiliundwa kufikia mitambo isiyokuwa mtandaoni huko Iran, na flashi ilikuwa moja ya njia zake za kuingilia.

Wanachofanya wenye busara ni kujenga kama boma. Lango lipo, sebule ipo, chumba cha kulala kipo, na ghala liko nyuma kabisa. Mgeni anaishia sebuleni. Akihitaji mahindi, mwenyeji huenda ghalani mwenyewe akamletea. Kompyuta za ofisi na barua pepe ziwe sebuleni, vidhibiti viwe ghalani, na kati yao pawe na mlango mmoja wenye mlinzi anayejua nani anaruhusiwa kubeba nini. Kidhibiti kikongwe kinaweza kuishi salama ghalani miaka mingi.

Na roboti je?

Dhana kwamba ndege siku hizi huundwa na roboti tupu niifupishe. Boeing walijaribu. Kwa kiwiliwili cha 777 walileta roboti zilizofanya kazi kwa jozi, moja nje na nyingine ndani, kutoboa na kufunga vifungio. Kuzisawazisha kukawa kazi kuliko kazi yenyewe, na mwaka 2019 kampuni ikatangaza kuziacha. Zikachukua nafasi mashine ndogo zinazotambaa juu ya reli zinazojikunja kufuata umbo la ndege: mashine inatoboa tundu, binadamu anafunga kifungio. Na ndege hiyo hiyo ya 777, ilipoanza kuruka Juni 1994, ilikuwa ya kwanza ya abiria kuchorwa yote kwenye kompyuta. Mchoro ulikuwa wa kompyuta toka mwanzo; mkono wa mtu haujaondoka kiwandani hadi leo.

Wazee waliofanya kazi katika viwanda vya sukari vya Muhoroni na Chemelil, vilivyojengwa miaka ya 1960, hawatashangaa. Mpishi wa sukari huchota tone la uji, akalipaka kwenye kioo na kuliangalia kwenye mwanga, aone punje zimekua kiasi gani. Sensa zinaweza kumsomea joto na uzito wa uji kila sekunde. Bado angetaka kuiona ile punje.

Nilirudi kwa mzee wiki iliyofuata kuchukua shafti yangu, nikamsimulia haya. Alicheka, akanivuta hadi kwenye mashine yake na kunielekeza pale disketi inapoingia. Tundu lilikuwepo, lakini kisomeo kilikuwa kimeng'olewa. Mahali pake paliwekwa kisanduku cha ukubwa ule ule, chenye nafasi ya flashi. Mashine inatuma ombi lake kama ilivyozoea tangu ilipoundwa, kisanduku kinajibu kama disketi, na haijagundua kitu. Alikiweka mwaka uliopita, kisha kwa wiki tatu akawa anakereza shafti ile ile kila asubuhi, anaipima kwa maikromita na kuandika kipimo kwa chaki ukutani. Chaki bado ipo.

Disketi zake ziko juu ya kabati ndani ya mkebe wa biskuti, zimeandikwa kwa kalamu ya wino: PAMPU, KINU, PAMPU KUBWA. Nilimwuliza mbona hazitupi.

"Flashi ya kwanza," akasema, "ilitoka saiba na virusi. Mashine haikujua. Kompyuta ya mke wangu ya hesabu ndiyo iliyojua."